Msimamizi Anayeogopwa Huletewa Habari Njema Tu

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Katibu ameniomba nizungumze juu ya uongozi mahali pa kazi. Mimi si mtu wa vyuo vikuu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya reli, na mengine nimejifunza huko huko. Kwa hivyo sitawaletea maneno makubwa. Nitasema yale ambayo mtu wa genge huyaona kwa macho yake, pamoja na machache niliyoyasoma, na kila mmoja wenu atayapima.

Tunalo jambo mbele yetu leo. Baadhi ya wanachama wanataka chama kipeleke ombi katika mazungumzo yajayo na mwajiri, kwamba kila genge litakalomaliza miezi mitatu bila kuandikwa ajali wala kosa lolote lipewe bahashishi. Nimesikia wengi wakilipigia makofi. Fedha ni fedha, na hapa hakuna asiye na karo ya watoto ya kulipa. Lakini mimi nasimama kulipinga ombi hilo. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, ndipo mnizomee mkitaka.

Sababu yangu ni hii. Ombi hilo limejengwa juu ya maneno matatu ambayo tumeyazoea sana, hata tunayasema wenyewe bila kuyachunguza. La kwanza ni kwamba mfanya kazi asipoogopa hafanyi kazi. La pili ni kwamba kufikiri ni kazi ya ofisi, na ya mfanya kazi ni kutii. La tatu ni kwamba kukiwa kimya, mambo ni mema. Nitayachukua moja moja.

NENO LA KWANZA: ASIPOOGOPA HAFANYI KAZI

Neno hili ni la zamani kuliko reli yenyewe. Wanaosoma Biblia wanakumbuka habari za Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu walimwendea pamoja na Yeroboamu, ambaye zamani alikuwa msimamizi wa watu wa shokoa, wakamwomba awapunguzie mzigo. Wazee walimshauri awajibu kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye walimshauri azidishe ukali, naye akawafuata vijana. Matokeo yake makabila kumi yalijitenga naye, na yule mkubwa wa shokoa aliyemtuma kwao alipigwa mawe mpaka akafa. Mfalme alikuwa na habari zote za kumwokoa, kwa maana watu wenyewe walikuja kumwambia. Yeye aliona kwamba kusikiliza ni unyonge.

Hata hapa kwetu kazi ilianza kwa ukali. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwaka 1901. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Magenge yaliwekwa chini ya majemadari, na baadaye tukawa na manyapara, na mpaka leo neno nyapara likitajwa kuna watu hunyoosha mgongo hata kama wamekaa nyumbani kwao.

Sasa tuulize: woga hufanya nini? Woga hauondoi kosa, hulificha tu. Mtu wa genge anatembea njiani asubuhi, anaona kile chuma cha kuungia reli kimeingia ufa. Kama nyapara wake ni mtu wa kusema, "Kwa nini hukuona jana? Wewe ulikuwa umelala," basi mtu huyo atafikiri mara mbili. Atajiambia kwamba ufa ni mdogo, na kesho ni zamu ya mwingine. Wala si mtu mbaya. Amepiga hesabu tu, akaona kwamba kusema kuna gharama leo, na kunyamaza gharama yake itakuja kesho, na labda itamwangukia mtu mwingine.

Nataka kuwapa mfano mmoja wa kweli, na ni wa reli kama sisi. Huko Japani, katika mji wa Amagasaki, tarehe 25 Aprili 2005, treni ya abiria iliacha njia ikagonga jumba la watu. Walikufa watu 107 pamoja na dereva, na waliojeruhiwa walizidi 500. Dereva alikuwa kijana wa miaka 23. Katika stesheni iliyotangulia alipitiliza mahali pa kusimama kwa mita 70 hivi, ikabidi arudi nyuma, akachelewa dakika moja na kidogo. Dakika moja, ndugu zangu! Alipofika kwenye kona iliyowekewa kilometa 70 kwa saa, alikuwa anakwenda kilometa 116.

Kwa nini kijana huyu alikimbia hivyo? Katika kampuni ile dereva aliyekosea aliondolewa kazini kwa siku kadhaa akapelekwa kwenye kitu walichokiita mafunzo. Mafunzo yenyewe yalikuwa kuandika barua za kuungama, kukemewa, na pengine kung'oa majani na kufagia mbele ya wenzake. Kijana huyu alikuwa ameyapitia mwaka uliotangulia kwa siku 13. Siku ile alimwomba gadi asitaje mita zote alizopitiliza, na gadi akaiambia ofisi ya kuongoza treni kwamba ni mita 8. Tume iliyochunguza ilitoa taarifa yake mwaka 2007. Ilisema kwamba inaelekea dereva alikuwa akisikiliza mazungumzo yale ya redio kati ya gadi na ofisi, na kwa hiyo alichelewa kukamata breki. Yaani macho yalikuwa njiani, na akili ilikuwa ofisini inangoja hukumu.

Reli za Japani zinasifiwa duniani kote kwa kufika kwa wakati, na vyombo vyao si vibovu. Hata hivyo siku ile dereva aliogopa ofisi yake kuliko alivyoogopa kona. Mahali popote mtu anapoiogopa ofisi kuliko hatari yenyewe, hapo pana ajali inayongoja siku yake.

Najua kuna mzee hapa atauliza, "Je, wataka tuishi bila nidhamu?" La, mzee wangu. Nidhamu ni kusimama kwenye ishara nyekundu usiku wa manane hata kama hakuna anayekuona. Woga ni kuangalia kwanza kama bwana yupo. Mambo haya mawili si ndugu, ingawa watu wengi hudhani ni mapacha.

NENO LA PILI: KUFIKIRI NI KAZI YA OFISI

Neno hili lina mwalimu wake. Alikuwa Mmarekani, jina lake Frederick Taylor, naye alitoa kitabu mwaka 1911 juu ya kuongoza kazi kwa njia ya kisayansi. Alifundisha kwamba mipango yote itoke ofisini, na mfanya kazi afanye kama alivyoagizwa, kwa namna aliyoagizwa na kwa muda aliopimiwa. Mfano wake unaojulikana sana ni wa mtu aliyebeba chuma katika kiwanda cha Bethlehem, huko Pennsylvania. Mtu huyo alikuwa akibeba tani 12 na nusu kwa siku. Akaagizwa lini abebe na lini apumzike, akafikia tani 47 na nusu. Mshahara wake ulitoka dola 1 na senti 15 kwa siku ukafika dola 1 na senti 85.

Hesabu hiyo hata mimi wa shule ya misheni naiweza. Kazi iliongezeka karibu mara nne. Mshahara haukufika hata mara mbili. Tena katika kitabu chake Taylor alimfananisha mtu wa kazi ile na ng'ombe kwa uzito wa akili. Hakujiuliza kwamba mtu huyo huenda alijua jambo juu ya chuma, mgongo na jua ambalo ofisi haikulijua.

Basi tuitazame Mombasa. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, tume ikaundwa kuchunguza taabu zao. Miaka 8 ikapita. Januari 1947 mji mzima ulisimama: bandari, reli, mahoteli na hata nyumba za mabwana. Watu kama 15,000 waligoma kwa muda wa siku 12. Chama kikazaliwa katika mgomo huo huo, African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Wale walioambiwa hawana kichwa cha kupanga walipanga mikutano, wakasimama pamoja makabila yote. Baada ya mgomo liliundwa baraza la kuamua, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa, akapelekwa Kabarnet akakaa huko kifungoni miaka mingi.

Wanachama wengi wanakumbuka habari hizo kama habari za ujasiri, nao wana haki. Mimi naona na somo jingine ndani yake. Kibarua yeyote wa bandari mwaka 1946 angeweza kumwambia bwana mkubwa kwamba chumba ni ghali, posho haitoshi na watu wamechoka. Habari ilikuwepo, lakini njia ya kuipeleka juu haikuwepo. Na palipo na habari isiyo na njia, itajitengenezea njia yenyewe, kama maji.

Sasa tuvuke bahari tena, tuone upande wa pili. Pale California, katika mji wa Fremont, General Motors walikuwa na kiwanda cha magari, wakakifunga mwaka 1982. Kilikuwa na sifa mbaya. Magari yalitoka na makosa, na siku nyingine mtu mmoja katika watano hakuja kazini. Wakubwa walisema ubaya ni wa wafanya kazi na chama chao. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia pamoja na Toyota. Wengi walioajiriwa walikuwa ni wale wale wa zamani, na chama kilikuwa ni kile kile. Baada ya muda mfupi magari yao yalihesabiwa miongoni mwa mazuri katika kampuni nzima ya General Motors, na watu wakaja kazini.

Kilichobadilika ni nini? Mambo mengi, lakini moja ni kamba. Juu ya mstari wa kazi ilipita kamba, na mfanya kazi yeyote aliyeona kosa alikuwa na ruhusa ya kuivuta. Kiongozi wa kikundi alikuja mara moja kumsaidia, na kama jambo halikutengenezeka upesi, mstari wote ulisimama. Zamani katika kiwanda kile kusimamisha mstari lilikuwa kosa kubwa, basi gari lilipita na ubovu wake. Tena mkataba wa chama uliwaahidi kwamba hawatapunguzwa kazini ovyo, na biashara iliposhuka walibaki kazini wakapewa mafunzo. Ndiyo sababu mtu aliweza kuonyesha kosa bila kuogopa kwamba anajichongea.

Sisemi kwamba mwenye kiwanda wa Japani ni malaika. Anatafuta faida kama wenzake, na kiwanda kile nacho kilifungwa mwaka 2010. Tena nimewaletea mifano miwili ya Japani kwa makusudi. Treni ya Amagasaki na kamba ya Toyota zimetoka nchi moja, watu wa desturi moja. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba Wajapani wako hivi na Waafrika wako vile. Njia ya kuongoza ndiyo iliyoleta tofauti, na njia ya kuongoza inaweza kubadilishwa.

NENO LA TATU: KIMYA NI DALILI YA MAMBO MEMA

Hapa ndipo narudi kwenye ombi letu la bahashishi.

Ombi linasema genge lilipwe kama hakuna kilichoandikwa. Tazameni vizuri neno hilo, "kilichoandikwa." Hatutalipwa kwa sababu njia ni salama. Tutalipwa kwa sababu kitabu ni cheupe. Na kitabu kinaweza kuwa cheupe kwa njia mbili: ama hakuna kosa, ama hakuna aliyesema. Ipi ni rahisi zaidi?

Chukueni genge la watu 12. Siku 85 zimepita bila jambo, zimebaki siku 5 tu. Siku ya 86 taruma linamwangukia mwenzetu mguuni. Ataangalia huku na huku, aone macho ya watu 11. Hakuna atakayemwambia anyamaze. Haina haja. Kila mmoja amekwisha kuitumia ile bahashishi kichwani mwake. Atafunga mguu kitambaa na kusema si kitu. Kisha mguu ukivimba baada ya miezi miwili, ukaoza, atakwenda kudai fidia. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inataka mwajiri aarifiwe ajali ilipotokea, tena madai yana muda wake. Ataulizwa, "Iliandikwa wapi?" Kitabu ni cheupe. Shahidi hakuna, kwa maana mashahidi wote walilipwa.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo bei ya bahashishi ile. Hatumwuzii mwajiri usalama, tunamwuzia midomo yetu, tena kwa bei ndogo. Na kazi ya nyapara mkali tutakuwa tumeichukua sisi wenyewe, kila mmoja akimtisha mwenzake bila hata kufungua kinywa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika reli kifo hakimuumbui aliyeficha peke yake, huchukua na abiria.

TUOMBE NINI BADALA YAKE?

Sikuja kupinga tu. Nina mambo manne ya kupendekeza.

1. Tutake kitabu cha hatari katika kila kituo, chenye nakala mbili, moja ya msimamizi na moja ya chama. Kila kilichoandikwa kipate jibu kwa maandishi ndani ya siku zitakazokubaliwa. Jibu likiwa "hatuwezi sasa," liandikwe hivyo na litiwe sahihi.

2. Tutake iandikwe katika mkataba kwamba anayetoa habari ya hatari, hata kama ni kosa lake mwenyewe alilolifanya bila kukusudia, haadhibiwi kwa kuitoa. Mlevi na mharibifu wa makusudi hawamo humo, na chama kisiwafiche. Jambo hili si ndoto. Huko Marekani tangu mwaka 1976 marubani hupeleka habari za makosa na hatari kwa shirika la NASA, ambalo si lile linalowaadhibu, na majina yao huondolewa. Ndege hazikuanguka ovyo kwa sababu ya upole huo. Watu wamejifunza mengi ambayo yangebaki siri.

3. Tuitumie sheria tuliyo nayo. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Inamtaka mfanya kazi aseme aonapo hatari, na inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea kwa sababu ya kulalamikia hatari hiyo. Basi wajumbe wetu katika kamati hiyo tuwachague sisi, tena tuchague watu wa kusema.

4. Fedha tunazitaka, wala sioni haya kusema hivyo. Tuziombe katika mshahara, ambamo ni haki ya kila mwezi. Mtu asiuze kidole chake ili apate karo.

NA SISI WENYEWE JE?

Bwana Mwenyekiti, nikikaa chini sasa nitakuwa nimesema nusu tu. Ni rahisi kuwasema mabwana wakati hawapo.

Tumewaona wenzetu waliotoka katika genge, wakapewa kofia ya usimamizi, na baada ya wiki moja sauti yao imebadilika. Hawakufundishwa ukali huo na mtu. Walijifunza kwa nyapara wao, wakadhani kuongoza ni hivyo, kwa maana hawakuona njia nyingine. Tusiwacheke. Chama kiwaite, kiwape mafunzo, na mwanachama anayepandishwa cheo aambiwe mapema kwamba swali la kwanza la jioni liwe, "Leo mmeona nini kibaya?" Naye akijibiwa, aseme asante kabla ya kusema neno jingine. Nimepata kufanya kazi chini ya msimamizi wa namna hiyo. Hakupiga kelele, na genge lake halikumficha kitu.

Tena tutazame mikutano yetu hii. Mwanachama akisimama kuuliza hesabu za fedha za chama, mara nyingi husikia watu wakisema, "Huyo ni mfitini, ametumwa." Halafu tunashangaa kwamba mambo huharibika kimya kimya mpaka siku ya aibu. Katibu anayeogopwa naye huletewa habari njema tu. Ikiwa tunataka mwajiri awe na masikio, sisi tuanze kuwa nayo hapa hapa. Leo mimi nimepinga jambo lililopigiwa makofi, nanyi mmenivumilia. Nawashukuru kwa hilo, na nawaomba atakayesimama baada yangu kunipinga mimi avumiliwe vile vile.

Nimemaliza. Ombi la bahashishi liko mezani na kura ni yenu. Nasema tena neno moja tu: kabla ya kunyoosha mkono, kila mtu amfikirie mwenzake aliye naye katika genge, ajiulize kama anataka mtu huyo aseme anapoona ufa katika reli, ama anyamaze. Kisha apige kura yake kwa jibu hilo.

Umoja ni nguvu.